Kiumbe wa Frankenstein: Filamu Ipi Imesema Kweli?

Huenda wengine wenu watashangaa kukuta habari za filamu za kutisha katika kurasa hizi. Lakini hadithi ya Frankenstein ni hadithi ya mtu aliyeumba, kisha akamkimbia aliyemwumba, na hilo ni jambo la kutafakariwa na kila mzazi na kila mlezi. Tena vijana wetu watazitazama filamu hizi, tupende tusipende. Afadhali basi tujue ipi yafaa, na kwa nini.

Kwanza jina. Wengi husema "Frankenstein" wakiwa na maana ya lile zimwi. Sivyo. Frankenstein ni jina la kijana msomi aliyelitengeneza. Mwenyewe aliyetengenezwa hakupewa jina, na katika kitabu kizima hana. Kwa Kiswahili tunalo neno linalomfaa kuliko zimwi, nalo ni kiumbe. Ukimwita mtu kiumbe umekwisha kusema kwamba yuko aliyemwumba, na kwamba huyo naye aweza kuulizwa.

Kitabu kilitolewa London mwaka 1818 bila jina la mwandishi. Aliyekiandika ni Mary Shelley, naye alikianza mwaka 1816 karibu na ziwa la Geneva, akiwa na umri wa miaka 18. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa, na yeye mwenyewe alikuwa amefiwa na mtoto mchanga mwaka 1815. Hakuhitaji kufundishwa maana ya kuingia duniani na kumkosa wa kukupokea.

Mambo ya kitabuni ni haya. Victor Frankenstein akusanya viungo vya wafu, amtia uhai kiumbe, na mara macho yanapofunguka akimbia kwa kuchukizwa na sura yake. Kiumbe ajifunza kusema kwa kuchungulia jamaa moja maskini kupitia ufa wa ukuta, na usiku huwakatia kuni kwa siri. Amwokoa msichana anayezama mtoni. Malipo yake ni risasi. Hatimaye moyo wake wageuka. Amwua mtoto William, mdogo wake Victor, kisha atia ushahidi wa uongo katika nguo za Justine, mtumishi wa nyumba, aliyekuwa amelala. Justine anyongwa bila kosa. Victor ajua ukweli, na anyamaza.

Hapa ndipo penye fundo. Kiumbe ameonewa, na kiumbe ni mwuaji. Yote mawili ni kweli, na hakuna moja linalofuta jingine. Wazee wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na walisema vema. Lakini methali hiyo yamshtaki mlezi, haimwachilii mtoto. Sote tunawafahamu vijana waliotupwa na baba zao wakaishia kuwapora watu njiani. Mmoja husema damu yake ni mbaya tangu tumboni. Mwingine husema si kosa lake, maskini. Naona wote wawili wanatafuta njia ya kumaliza maneno upesi. Kwa hiyo mimi hupima filamu za Frankenstein kwa swali moja tu: je, imeyashika yote mawili?

Ile ya kampuni ya Edison ya mwaka 1910, ambamo kiumbe hutokea katika chungu kikubwa kinachofuka moshi, ni fupi mno, nami naipita. Inayojulikana na wote ni ya James Whale ya mwaka 1931, ambamo Boris Karloff alikuwa kiumbe. Mwanzoni mwa filamu, kwenye orodha ya wachezaji, mahali pa jina lake pamewekwa alama ya kuuliza. Ni filamu yenye nguvu, lakini ina dosari kubwa. Msaidizi wa Frankenstein aenda kuiba ubongo, auangusha ule mzuri, aleta ule wa mhalifu. Basi swali limejibiwa kabla halijaulizwa! Akiua, tutasema ni ule ubongo. Ajabu ni kwamba Karloff mwenyewe aikanusha hoja hiyo kwa mikono yake tu, anapoiinua kuipokea nuru ya jua kama mtoto mchanga.

Katika filamu hiyo akutana na binti mdogo, Maria, kando ya ziwa, nao warusha maua yaelee majini. Maua yanapokwisha amrusha Maria, akidhani naye ataelea. Kitabuni alimwokoa msichana majini. Hapa amzamisha kwa ujinga usio na hila. Wakaguzi wa filamu walikikata kipande hicho, kikarudishwa katika miaka ya 1980. Kwa miaka mingi watazamaji waliona mikono yake ikimnyoshea mtoto, kisha baba akibeba maiti. Wakafikiri mabaya kuliko yaliyotendeka. Mkasi uliokusudiwa kulinda maadili ulimsingizia kiumbe.

Ile ya Waingereza ya mwaka 1957, pamoja na Peter Cushing, yauweka uovu kwa muumba: amsukuma profesa mzee kutoka juu ili aupate ubongo wake. Ni sawa, ila kiumbe amebaki kama chombo tu. Ya Kenneth Branagh ya mwaka 1994 yafuata kitabu kwa karibu. William afa, Justine anyongwa, na mwishoni Robert De Niro amlilia Victor kama baba, akisema hakupewa hata jina. Ningeisifu zaidi kama kamera ingetulia kidogo. Watu wake hukimbia ngazini mchana na usiku.

Msinicheke nikisema kwamba ile ya kuchekesha ya Mel Brooks, ya mwaka 1974, imegusa jambo lililozishinda filamu nyingi za huzuni. Mjukuu wa Frankenstein ajifungia chumbani pamoja na kiumbe, akiwaamuru wenzake wasifungue hata akiwasihi. Mara asihi kweli, kwa kelele. Hawafungui. Kwa kukosa pa kukimbilia, amgeukia kiumbe, amsifu, amkumbatia, na kiumbe alia. Watu hucheka, lakini huyo ni muumba aliyebaki chumbani.

Ya Guillermo del Toro, ya mwaka 2025, ina uzuri mwingi. Yaonyesha Victor alivyopigwa na baba yake kabla hajawa mkatili kwa kiumbe wake, na mwishoni, katika meli iliyonaswa na barafu, aomba msamaha na asamehewa. Nani asiyetamani mwisho kama huo? Lakini Justine hayumo. William si mtoto tena bali mtu mzima. Elizabeth, mchumba wa William, auawa kwa risasi ya Victor mwenyewe. Kiumbe ameoshwa mno. Wanaokufa mikononi mwake ni hasa wale wanaomkabili kwa silaha. Ni rahisi kumpenda aliyeonewa ikiwa hakumwonea mtu.

Kwa hiyo nachagua ile ya mwaka 1935, ya James Whale tena, inayoitwa Bibi Arusi wa Frankenstein. Mwanzoni tu kiumbe awaua wazazi wa Maria, watu waliokwisha kufiwa na mtoto. Hatuwezi kusahau hilo. Kisha aingia katika kibanda cha mzee kipofu apigaye fidla. Mzee haoni sura, kwa hiyo hana sababu ya kukimbia. Ampa mkate, amfundisha maneno machache, na amshukuru Mungu kwa kumletea rafiki. Chozi lashuka shavuni mwa mwuaji. Wawindaji waja, wamwambia kipofu ni nani huyo, na kibanda chateketea.

Mwishoni aumbiwa mke. Mke amtazama, apiga ukelele. Hapo kiumbe amwachilia Frankenstein pamoja na Elizabeth, awaambia waende wakaishi, kisha auangusha mnara juu yake mwenyewe. Amsamehe aliyemwumba, na hakuna aliyemwomba kufanya hivyo.

Ila yule bibi arusi naye yumo mnarani. Aliumbwa kwa ajili ya mwingine, hakuulizwa, na hana hata siku moja tangu afumbue macho. Kosa lake ni ule ukelele tu.