Mzazi Aliyepotewa na Akili

Ndugu Muislamu, mzee asahaupo jina la mwanawe, akasali Adhuhuri mara tatu, usiseme karogwa. Hayo ni maradhi ya ubongo, na hirizi haiyatibu. Katika Sura An-Nahl, aya ya 70, Mwenyezi Mungu ametaja wanaorudishwa kwenye umri dhaifu, wasijue kitu baada ya kujua. Aliyeondokewa na akili hana taklifu. Usimkemee kwa sala. Taklifu ni yako: kumlisha na kumwosha, bila ya kumgunia. Na mauti yakimkaribia, umtajie shahada kwa upole, umtafutie dawa ya maumivu. Huko bara, Meru na Embu, ziko hospisi zifanyazo kazi hiyo. Kutuliza maumivu si kuua. Alikuosha ulipokuwa humjui. Nawe mwoshe asipokujua.