Mkubwa Akikosa, Nani Analipa?



Mfanyakazi mdogo akikutwa getini na kipande cha waya wa shaba, anafukuzwa siku ileile. Hesabu ya mkubwa ikipungukiwa tani elfu, inaundwa tume. Hali hiyo tumeizoea.

Tutazame Kolwezi. Kampani ya Katanga Mining, yenye sehemu kubwa ya machimbo ya KCC, ilikuwa chini ya Glencore, na hisa zake ziliuzwa Toronto, Kanada. Desemba 2018 ilikubali mbele ya wasimamizi wa soko la hisa la huko kwamba hesabu za shaba ilizotangaza hazikuwa sahihi. Kampani ililipa. Lakini na wakubwa kadhaa walilipa, kila mtu kwa jina lake, wakazuiwa kwa miaka kuwa wakurugenzi wa kampani za soko hilo.

Linganisheni na Desemba 2022, Glencore ilipokubali kuilipa Serikali yetu dola milioni 180 kwa madai ya rushwa ya miaka 2007 hadi 2018. Ni pesa nyingi, ila zimetoka katika sanduku la kampani. Malipo ya namna hiyo hayamgusi mfukoni aliyetoa bahasha.

Basi afikiwe mtu mwenyewe. Zawadi ya mkurugenzi ibaki miaka kadhaa kabla hajaipokea, na mkataba useme kwamba atairudisha hesabu zikionekana za uongo. Wengine watasema mkubwa akibanwa hivi atakimbilia kwingine. Akimbie.

Sayyidna Umar (r.a.) aliandika mali za magavana wake siku ya kuwateua, na mali ikizidi bila maelezo, alichukua sehemu yake. Katiba yetu ya 2006, Kifungu cha 99, inawataka Rais na mawaziri watangaze mali zao wakiingia na wakitoka. Kifungu hicho hakiwataji wakurugenzi wa kampani za Serikali, nao ndio wanaoshika funguo za machimbo.

Tena, anayeona wizi kwanza si tume. Ni karani wa hesabu, au yule wa mizani. Barua yake isipitie mezani kwa mkubwa anayemshtaki, na asiondolewe kazini kwa kuiandika. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000, wengi wakiwa hawajalipwa kwa miezi mingi. Bila shaka walikuwamo waliowahi kuona shaba ikipotea, wakanyamaza ili wasipoteze kazi.