Akiba Haiozi

Kila mwezi wa nane, nyasi za Usukumani zinapokauka mpaka zinavunjika chini ya unyayo, babu yangu alikuwa akiondoa miiba iliyoziba mlango wa ngitili yake. Aliingiza ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Wenye nguvu aliwaacha nje, kwa kuwa wao waliweza kwenda mbali kujitafutia. Ngitili ilikuwa ya wanyonge wa zizi.

Kwa msomaji asiyelijua neno hili: ngitili ni kipande cha ardhi ambacho mfugaji wa Kisukuma hukifunga mvua zinapoanza na kukifungua katikati ya kiangazi. Miezi yote ile majani ni mabichi na matamu, na hakuna mnyama anayeruhusiwa kuyagusa. Malisho ya nje yakiisha, hapo ndipo akiba hii huanza kuliwa, tena kwa mafungu.

Nikiwa kidato cha tatu nilirudi likizo na hesabu zangu kwenye daftari. Nilimwonyesha babu kwamba ngitili yake ikilimwa pamba, tungepata ada yangu na ya wadogo zangu wawili. Nilimwambia kwamba ardhi ile imelala bure. Hakubishana nami. Alichukua jembe, akanipeleka kwenye kona ambayo haikuwa na mti hata mmoja, akaniuliza ninaona nini. Nikajibu, "Kisiki kilichooza."

"Chimba, mjukuu wangu."

Nikachimba. Chini kidogo ya lile gogo lililoliwa na mchwa, jembe lilikata mzizi. Ndani ulikuwa mbichi, una majimaji.

"Mgunga huu ulikatwa kabla mama yako hajaolewa," akasema. "Haujafa. Unasubiri tuuache."

Maneno hayo nilikuja kuyaelewa baadaye, nilipojifunza yaliyoupata mkoa wetu. Wakati wa ukoloni, mapori ya Shinyanga yalifyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Ikafuata pamba, nayo ilitaka shamba jeupe. Mwaka 1974 na 1975, Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye kaya zao za asili. Ngitili zikabaki nyuma bila mwenyewe, na malisho yasiyo na mwenyewe huliwa na kila mwenye ng'ombe. Mifugo iliongezeka, kina mama wakawa wanafuata kuni mbali zaidi mwaka hadi mwaka, udongo ukachukuliwa na upepo na maji. Mwalimu Nyerere aliiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kwetu kila mtu aliujua kwa jina la HASHI. Wakati huo ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa kwenye vitalu vya miche, mingi yake ya miti ya kigeni. Kisha wataalamu wakageukia kile ambacho wazee walikuwa nacho siku zote, yaani ngitili. Mpango ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa ule wa zamani, kabla mkoa wa Simiyu haujamegwa kutoka humo.

Sehemu kubwa ya miti iliyorudi ndani ya ngitili hizo hakuna aliyeipanda. Mizizi ilikuwa hai chini ya vumbi. Kila mwaka ilichipua, na kila mwaka mbuzi, moto na panga viliyarudisha machipukizi chini. Yalipoachwa misimu michache yakawa vichaka, vichaka vikawa miti. Nyasi zikashika udongo, maji ya mvua yakapata nafasi ya kuzama badala ya kukimbilia korongoni. Ndege wakarudi, wakaleta mbegu nyingine matumboni mwao. Watafiti walioingia kwenye ngitili hizo walihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Dawa ambazo bibi alikuwa akizifuata safari ya siku nzima zikawa nyuma ya nyumba.

Tumezoea kusifu kupanda miti, na ni kazi njema. Ila kupanda mti mtu anaweza kufanya peke yake, asubuhi moja, akarudi nyumbani ameridhika. Kuacha ni kugumu zaidi. Kuacha kunamtaka kila mtu, kila siku, kwa miaka. Nikijizuia mimi na jirani asijizuie, nitakuwa nimemtunzia yeye malisho.

Hili nililionja nikiwa na miaka kumi hivi. Siku moja nikichunga, nilinogewa na mchezo wa kombolela, ng'ombe wetu wakaingia kwenye ngitili ya jirani. Kufika jioni kesi ilikuwa kwa wazee. Babu alitozwa mchenya, yaani faini ya kimila, akatoa mbuzi. Hakusema kwamba mtoto ni mtoto. Hakukumbusha kwamba mwenye ngitili ni rafiki yake tangu ujana. Usiku nilisubiri fimbo, lakini aliniambia tu kwamba sheria isiyomgusa yeye haiwezi kuilinda ngitili yake. Nguvu ya ngitili zetu ilikuwa hapo: dagashida, mkutano wa jamii, iliweka kanuni, sungusungu walizisimamia, na mzee mwenye heshima alilipa mbuzi mbele za watu.

Sitaki kuipamba hali kuliko ilivyokuwa. Vichaka viliporudi, fisi nao walirudi, na kuna waliopoteza mbuzi na kondoo. Mwenye ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, mwenye kijieneo kidogo alitegemea ile ya kijiji. Uhai ukirejea hurejea na meno yake, na haki ya kugawana haijileti yenyewe. Hayo nayo yanahitaji wazee kuketi na kusikilizana.

Babu alifariki, na ngitili yake ikawa urithi wa watu wengi. Leo watoto ni wengi kuliko ekari, mkaa una soko, viwanja vina bei. Mwaka jana ukoo ulikaa kuamua. Mpwa wangu, kijana mwenye akili anayesoma chuo, alisimama na hesabu kwenye simu yake. Alionyesha kila mmoja wetu atapata kiasi gani tukiuza. Hesabu zake zilikuwa sahihi, kama zangu zilivyokuwa.

Sikumhubiria. Nilimwomba tutembee mpaka ile kona ya kisiki. Mgunga umesimama pale sasa, kivuli chake kinatosha ndama kumi na zaidi. Nilimweleza ulivyokuwa siku niliyouchimba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimemuuliza babu: "Mjomba, na majirani je? Wao bado wanafunga?"

Nilimjibu ukweli, kwamba wengine wanafunga, wengine wameacha. Ukoo haukuuza, lakini haukuamua pia. Tulikubaliana kukutana tena baada ya mavuno. Kabla ya hapo nina watu saba wa kuwatembelea, kaya kwa kaya, wote wanaopakana nasi. Mpwa wangu amesema tutakwenda pamoja. Mvua za kwanza zikinyesha nataka mlango wetu uzibwe kwa miiba, na ya kwao pia.