Hatia Haina Kabila

Aya ya Yakobo 2:10 inawasumbua wengi: mtu akivunja amri moja tu, hata kama nyingine zote amezitunza, anahesabiwa hatia ya sheria nzima. Akili inakataa. Aliyeiba mkungu wa ndizi na aliyechoma kijiji wanawezaje kuwa sawa? Huko Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako vijiji vimechomwa kweli, swali hili linauma.

Yakobo hasemi kwamba makosa yote yana uzito mmoja. Sababu yake iko katika aya inayofuata: aliyekataza uzinzi ndiye huyo huyo aliyekataza kuua. Amri ni nyingi, mwenye kuamuru ni mmoja. Anayejichagulia amri ya kutii na ya kupuuza amekikalia kiti cha mtoa sheria. Madhara hupimwa kwa kiasi, ndiyo maana mahakama inamtofautisha mwizi na muuaji. Uasi wenyewe haugawanyiki.

Lakini hatia hiyo inaenea kuelekea wapi? Inatoka kwenye kosa moja hadi sheria nzima. Haitoki kwa mtu mmoja hadi ukoo wake wote. Tukiikosea njia hiyo, watu wanakufa.

Machi 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Wahunde na Wanyanga kwa upande mmoja, Wanyarwanda (wasemaji wa Kinyarwanda) kwa upande wa pili, walikufa kwa maelfu. Ugomvi wa ardhi ulikuwa wa kweli: tangu 1937 Wabelgiji walihamishia Masisi watu kutoka Rwanda. Ugomvi wa uraia nao ulikuwa wa kweli: sheria ya 1981 ilidai mtu athibitishe kuwa mababu zake walikuwa Kongo tangu 1885. Lakini hakuna dai la shamba wala la uraia linalohalalisha kumuua mtu kwa kosa la mwingine. Waliouawa hawakuulizwa wamefanya nini. Ilitosha kujulikana ni wa kabila gani.

Njia nyingine ilionekana Goma, Novemba 2020, mahakama ya kijeshi ilipomhukumu kiongozi wa kundi lenye silaha, Ntabo Ntaberi Sheka, kifungo cha maisha. Wapiganaji wake walikuwa miongoni mwa waliowabaka mamia ya watu katika vijiji vya Walikale mwaka 2010, Luvungi kikiwemo. Hukumu ilibeba jina la mtu, si la kabila lake.

Hata hivyo, asiyewahi kushika panga asijione salama. Mfano anaoutanguliza Yakobo ni wa viti: tajiri anakaribishwa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame au akae chini. Kwake, upendeleo huo tayari ni kuvunja sheria. Basi anayempokea mwenzake kanisani, ofisini au shambani kwa kutazama kabila amevunja amri ile ile ya kumpenda jirani ambayo muuaji aliivunja. Asibebeshwe damu ambayo hakuimwaga. Lakini asiseme, "Sisi ni safi, wenye hatia ni wale."

Aya hii inamtaka kila mtu aikiri hatia yake bila kuipunguza, na asimhesabie jirani hatia ya ndugu zake. Mistari michache mbele, Yakobo anaiweka huruma juu ya hukumu. Huruma hiyo haifungi mahakama. Inamfunga mdomo anayetaka kabila zima lisimame kizimbani, kwa sababu na yeye ana kesi ya kujibu.