Raheli Alifia Njiani



Fungueni Biblia zenu, Mwanzo sura ya 35, kuanzia mstari wa 16. Yakobo na watu wake wametoka Betheli, wanakwenda Efrathi. Raheli ni mja mzito, na kabla hawajafika uchungu unamshika, tena uchungu mkali. Mkunga anamtia moyo na kumwambia kuwa mtoto ni wa kiume. Raheli anamwita mtoto Benoni, kisha anakata roho. Yakobo alimbadilishia mtoto jina akamwita Benyamini, akamzika mkewe kando ya njia na kusimamisha nguzo juu ya kaburi.

Wahubiri wengi hukaa kwenye yale majina mawili. Mimi naomba leo tuitazame njia. Yakobo hakuwa maskini. Alikuwa na mifugo na watumishi. Mkunga naye alikuwapo. Lakini pale njiani mkunga hakuwa na kitu mkononi ila maneno mema.

Mwaka 1987 mataifa yalikutana Nairobi kuzungumza juu ya uzazi salama. Mwaka 1994 akina mama wawili wataalamu, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: nyumbani watu wakisitasita kuamua, njiani akitafutiwa usafiri, na hospitalini akingoja kuhudumiwa. Ukisoma tena habari za Raheli utaona kuchelewa kwa pili waziwazi.

Hapa Tanzania Mungu ametusaidia. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Tuwashukuru wauguzi wetu. Lakini mwalimu hafurahii wastani wa darasa wakati yupo mtoto kule nyuma asiyejua kusoma, na sisi wa milima ya Undali tuko nyuma ya darasa kwa sababu ya njia zetu. Lami imefika Isongole, lakini vijiji vingi bado vina njia za udongo, na wakati wa mvua pikipiki yenyewe husukumwa.

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa mbili. Dawa ipo, sindano ya oksitosini, ambayo hukaza mji wa mimba. Nayo yataka kutunzwa penye ubaridi, kwa hiyo haiwezi kukaa kabatini kwa bibi. Damu ya kuongezewa nayo haioti shambani. Hutoka katika mkono wa mtu, na vijana wa kwaya wana mikono.

Basi akina baba, nasema nanyi. Kahawa ikiuzwa, fedha ya safari itengwe kabla ya bati na kabla ya redio. Mkeo akikaribia siku zake, na kwenu ni mbali, mpeleke mapema akakae karibu na hospitali, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kungojea, ile ambayo wengine huiita chigonella. Andika mlangoni namba 115. Hiyo ni ya mpango wa M-Mama, haina malipo. Ukipiga, hutafutwa gari la wagonjwa, na lisipopatikana, dereva wa karibu aliyeandikishwa. Na mama mkwe asingojewe atoe ruhusa! Namheshimu mama mkwe, lakini damu haimngojei.

Mtoto naye apewe maziwa ya kwanza, yale ya njano. Kuna nyumba yanakokamuliwa na kumwagwa kama uchafu, na hayo ndiyo kinga yake ya kwanza. Afunikwe vizuri, asiogeshwe upesi.

Kitabu chetu cha zamani cha Sala kina ibada ya shukrani ya mwanamke baada ya kuzaa. Waliokitunga walijua kwamba kuzaa ni kupita katika hatari kubwa. Ibada hiyo tumeiacha ikalala. Naliomba baraza la kanisa tuirudishe, na siku ile mama anapoletwa mbele kushukuru, sadaka ya siku hiyo iwekwe kando kwa nauli ya mama atakayefuata. Hesabu yake isomwe kanisani, na ikabidhiwe Umoja wa Akina Mama, ambao wanajua nani ana mimba na anakaa kilima kipi.

Mwalimu mstaafu, Itumba