Nani Alitenda Dhambi?

Mzazi wa Likasi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwenye mtoto asiyesikia vizuri, akiitwa kuzungumza na vijana wanaosomea ualimu, huenda asianze na mbinu za kufundisha. Huenda akaanza na swali la majirani: nani amemroga, au nani katika ukoo alikosa?

Swali ni la kale. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu wa kuzaliwa: alitenda dhambi yeye au wazazi wake? Jibu lilikuwa fupi: si yeye, wala wao.

Likasi, mji wa migodi uliokuwa ukiitwa Jadotville, una makanisa mengi yanayolisoma andiko hilo. Hata hivyo, nchini bado kuna vyumba vya maombi ambamo mtoto mwenye kifafa huitwa mchawi. Sheria ya Kongo ya Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inaadhibu shutuma hiyo, kifungu cha 160.

Sheria, kwa bahati mbaya, haishiki chaki. Kwa hiyo mzazi huwaomba walimu hao wa kesho jambo dogo kuliko muujiza: wamkalishe mtoto mbele, wasiongee wakiwa wameugeukia ubao, na kazi ya nyumbani waiandike.