Shahidi wa Jicho Langu

Mtu asiyehisi maumivu, anayesoma, anayefanya kazi na kuvuka barabara bila kushikwa mkono, anaweza kuitwa mgonjwa? Rafiki yangu aliyesomea falsafa anasema hapana. Kwake ugonjwa ni mateso. Pasipo mateso kuna tofauti tu, kama pua ndefu na pua fupi.

Mimi navaa lenzi za hasi 11. Bila miwani, uso wa mtu aliye hatua mbili mbele yangu ni doa. Nikiivaa, nasoma kibao cha daladala kabla halijafika kituoni. Kwa kipimo cha rafiki yangu, shida yangu iliishia dukani kwa fundi miwani.

Daktari wa macho anatazama kitu kingine. Tangu 1851, Hermann von Helmholtz alipochapisha maelezo ya kifaa cha kumulikia ndani ya jicho, madaktari wameweza kuiona mishipa ya damu ya mtu aliye hai bila kumpasua. Kwenye picha yangu mishipa ya retina ni myembamba na imenyooka mno, kama lastiki iliyovutwa. Kisa ni urefu. Jicho la kawaida la mtu mzima lina takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Langu limepita 28. Retina imetanuka kufuata ukuta, na mishipa imevutwa pamoja nayo. Tabaka la mishipa lililo nyuma yake, linalozilisha seli zinazopokea mwanga, limekonda zaidi. Utando uliopo katikati ukipata ufa, mwili unaweza kuotesha mishipa mipya, na hiyo mipya ni dhaifu: huvuja, kisha huacha kovu palepale tunapotumia kusomea. (Sijui niuite wema wa aina gani huo.) Miwani haigusi lolote kati ya haya. Husogeza taswira, haifupishi jicho.

Hoja ya rafiki yangu inamfanya mwenye mwili kuwa shahidi mkuu, nami namwona shahidi huyo ana mapungufu. Mapema karne ya 19, Jan Purkinje alieleza jambo ambalo nimelijaribu mwenyewe: gizani, ukitikisa mwanga mdogo pembeni ya jicho, unatokea mti wenye matawi meusi. Ni vivuli vya mishipa yako. Viko hapo mchana kutwa, ila kwa kuwa havihami, mfumo wa kuona huvifuta. Mti wangu nimeuona. Ni mzuri, kusema kweli. Lakini hauniambii kwamba umekonda, kwa sababu sijawahi kuona wa mtu mwingine.

Basi neno la daktari nalipokea, ila silipokei lote. Wapo wenye macho marefu kama yangu waliozeeka wakisoma. Kuamka kila siku kama mgonjwa ni kulipa riba ya deni ambalo huenda lisidaiwe.

Ugumu uko kwa mdogo wangu, aliye kidato cha kwanza na tayari ana miwani. Mama humsifia kwa majirani: hatoki nje, yeye na vitabu tu. Utafiti umeonyesha kwamba watoto wanaokaa zaidi nje mchana huchelewa kupata tatizo hili. Nilipomwambia, mama alinitazama sana.

“Sasa unataka niseme nini, mwanangu? Asisome?”

“Asome, mama. Na kila siku atoke akacheze.”

“Wewe ulisoma, ukafika chuo.”

Sikumwonyesha picha. Ana haki ya kuiona, na ana haki ya kutojilaumu kwa jicho ambalo pengine nililirithi tu. Haki hizo mbili sijaweza kuzipatanisha. Mdogo wangu nilimpeleka mwenyewe kupimwa.

Kwangu, agizo la daktari ni dogo. Kila wiki nafunika jicho moja natazama nondo za dirisha, kisha la pili. Siku zikionekana zimejipinda, niende siku hiyohiyo.